Viroba Umepanga, Maji Bado Yanaingia: Tafuta Yanakopitia

Barabara ya mtaa wetu ilipokuwa ya vumbi, nyumba yetu ya Tabata ilikuwa juu yake kwa ngazi mbili. Kikaja kifusi kikashindiliwa, kikaja kingine juu yake, mwisho ikamwagwa lami. Leo mtu akitoka barabarani kuja kwetu anashuka ngazi tatu kabla hajafika barazani. Nyumba haijazama, barabara ndiyo imepanda. Ila kwa maji ya mvua hakuna tofauti: tunaishi kama watu wa chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, na maji ya mtaa mzima yanajua njia ya kuja kwetu.

Nyumba za namna hii ni nyingi Dar es Salaam, kuanzia kandokando ya bonde la Msimbazi hadi Mikocheni, Msasani na Tegeta. Jambo la kwanza ambalo mtu hufanya ni kununua viroba, kuvijaza mchanga na kuvipanga getini. Ni jambo jema, nami nalifanya kila mwaka kabla ya masika. Lakini miaka miwili ya mwanzo nilipanga viroba vyangu kwa bidii zote na bado tuliamka usiku magodoro yakiwa yameloa. Nilikuwa nalinda mlango mmoja, na maji yana milango minne: yanaweza kuja juu ya ardhi kupitia getini, chini ya ukuta au chini ya viroba vyenyewe, kwenye mabomba ya choo na bafu, na kutoka ardhini moja kwa moja hadi sakafuni. Kiroba cha mchanga kinaziba vizuri mlango wa kwanza, wa pili kwa kiasi, na miwili iliyobaki hakiihusu kabisa.

Ndiyo maana nimepanga maelezo haya kwa dalili. Tafuta ile unayoiona kwako, maana ukimwaga nguvu pasipo penyewe utachoka bure na mvua itaendelea kunyesha.

Umeme kwanza

Kabla ya dalili yoyote: maji yakikaribia soketi za chini, zima swichi kuu ukiwa bado umesimama pakavu. Kama swichi kuu yenyewe iko mahali ambapo ni lazima ukanyage maji ili uifikie, usiende. Toka nje na watoto, pigia shirika la umeme wakate kutoka nguzoni. Friji, feni ya sakafuni na ule waya wa kuunganishia uliolazwa chini ya zulia ndivyo vinavyoua watu wakiwa katikati ya kuokoa makochi. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, iandike ukutani kabla ya msimu.

Hujui maji yanatoka wapi

Huu ndio mwanzo wa kazi yote, na ndipo wengi tunaruka. Maji hujieleza yenyewe kwa rangi, harufu na saa yanayofika.

Yakiwa ya tope, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani na vifuniko vya chupa, yametoka juu ya ardhi. Yatakuwa yameingia getini, mlangoni au kwenye tundu la ukuta wa uzio. Yakiwa ya kijivu au meusi, yana povu na harufu, hayo ni ya chemba, yamerudi kwenye bomba. Yakiwa masafi, matulivu, hayana harufu, yanaanza kuonekana saa kadhaa baada ya mvua na hayakauki hata jua likiwaka siku mbili, hayo yametoka chini, ardhi imeshiba. Na yakiwa masafi lakini yanaanza dakika zilezile mvua inapopiga bati, angalia juu kabla ya kuangalia chini: ni maji ya paa lako mwenyewe.

Kama huna hakika, fanya hivi jioni ambayo mawingu yametanda. Chukua majivu makavu ya jikoni, yanyunyize mstari mwembamba kandokando ya kuta zote kwa ndani, na mzunguko mmoja kuzunguka tundu la maji la bafuni. Maji ya kwanza kabisa yanayoingia huchora njia yake kwenye majivu kabla hayajatapakaa. Hapo utaona yalipoanzia, si yalipoishia. Mimi nilishangaa: siku zote tulilaumu mlango wa mbele, kumbe ya kwanza kufika yalikuwa yanatoka pembe ya bafu la uani, robo saa nzima kabla ya yale ya mlangoni.

Maji yanapita chini ya viroba

Unaona mstari wa kwanza wa viroba umetulia, lakini upande wa ndani ardhi inabubujika au inatoa vijito vidogo. Karibu kila mara sababu ni kwamba viroba vimelazwa juu ya kitu kinachopitisha maji: mchanga wa uani, majani, taka zilizokusanyika getini, au matofali madogo ya kupangwa ambayo yana nafasi kati yake. Kiroba kinakaa vizuri, ila kimekalia ungo.

Ondoa hivyo viroba vya chini, hakuna njia ya mkato. Kama ni ardhi, kwangua mpaka ufike udongo mgumu, kisha chimba mfereji mwembamba wa kina cha kiroba kimoja na ulaze safu ya kwanza ndani yake. Kama ni zege, fagia mpaka iwe safi kabisa, maana kokoto moja chini ya kiroba inatosha kuacha tundu. Kama ni matofali ya kupangwa, kiroba peke yake hakitakusaidia, unahitaji nailoni.

Nailoni nzito, ile ya mafundi wanayotandika chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege, ndiyo inayogeuza rundo la mchanga kuwa kizuizi. Itandike upande ambao maji yanatoka, si upande wako. Ianzie mbali kidogo mbele ya viroba, ilale ardhini kama hatua moja, ipande juu ya ukuta wa viroba na kukunjwa kwa juu. Ule mwisho wa mbele uukandamize kwa viroba vingine, na kule juu pia. Usiivute ikakaza kama ngozi ya ngoma. Iache ilegee, ili uzito wa maji uisukume iingie katika kila pengo lenyewe. Ukiikaza, itapasuka kwenye kona ya kwanza inayokutana nayo. Na usiikanyage ikishatandikwa, tundu dogo la msumari wa kiatu linarudisha kazi nyuma.

Maji yanapenya katikati ya viroba

Hapa kosa ni la ujazaji, na huwa ni kosa la nia njema. Vijana wanaojaza hulipwa kwa kiroba, na mwenye nyumba anataka kuona kiroba kimejaa kwa ile pesa yake. Basi kinajazwa mpaka shingoni, kinafungwa kwa kamba, kinakuwa mviringo na kigumu kama gunia la mchele. Viroba vya namna hiyo ukivipanga vinagusana kama mayai kwenye kikapu, kila kimoja na jirani yake wana tundu kati yao.

Kiroba kijazwe nusu, au kisizidi theluthi mbili. Kwa kile cha kilo 25 cha unga au mchele, huo ni uzito ambao hata mama mmoja na kijana wake wanaweza kuubeba. Usikifunge shingo. Ukunje ule mdomo mtupu chini ya kiroba wakati wa kukilaza, ili kijifunge kwa uzito wake. Kila kiroba kipya kikalie sehemu ya kile kilichotangulia, mdomo uliokunjwa uelekee kule maji yanakotoka. Safu ya pili ikae juu ya maungio ya safu ya kwanza, kama fundi anavyopanga tofali. Kisha kikanyage, au kipige kwa mgongo wa beleshi, mpaka kiwe bapa. Kiroba kilichopigwa vizuri hupoteza sura ya kiroba, kinakuwa kama tofali laini.

Kuhusu cha kujaza: mchanga mtupu unafaa, unajishindilia wenyewe, ingawa hupitisha maji kidogo. Mchanga uliochanganyika na udongo ni bora zaidi. Udongo wa mfinyanzi peke yake ukiloa haubebeki na ukikauka una mabonge. Kokoto na kifusi usiweke, vinaacha nafasi na vinatoboa mfuko. Mifuko ya saruji ya karatasi nayo usiitumie, hailali usiku mmoja ndani ya maji.

Na hapa naomba kusema jambo linaloniuma. Mchanga nunua kwa muuzaji, hata ule wa kirikuu moja. Usiende kuuchota kwenye mto ulio karibu yako, wala usinunue kwa wale wanaouchota usiku. Mito yetu ya Dar imepanuka kwa kuchimbwa mchanga, kingo zinamomonyoka, na kuna watu ambao uwanja wao ulikuwa mbali na mto na leo choo chao kinaning'inia. Kujikinga na mafuriko kwa mchanga wa kingo za mto ni kukata tawi ulilokalia.

Ukuta wa viroba unasukumwa au unalala

Maji yaliyosimama yana nguvu kuliko macho yanavyoona. Kina cha nusu meta kinasukuma kila meta moja ya ukuta wako kwa nguvu ya kama kilo 125. Kikifika meta moja, haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, kama kilo 500 kwa kila meta. Kwa hiyo safu ya viroba iliyosimama wima kama ukuta wa tofali, kiroba kimoja juu ya kingine, itazuia maji ya kifundo cha mguu na italala yakifika gotini.

Ukuta wa viroba uwe na kitako kipana. Kanuni ninayoifuata ni upana wa chini mara tatu ya urefu wa kwenda juu. Kwa viroba vya kilo 25 vilivyojazwa nusu, hesabu ni rahisi: kila kimoja kikilazwa na kupigwa kinatoa unene wa kama sentimeta 10, upana wa sentimeta 35 na urefu wa nusu meta. Ukitaka kuzuia sentimeta 30 za maji kwenye geti la meta 3, chini laza mistari mitatu sambamba, juu yake miwili, juu yake mmoja. Hiyo ni mistari sita, na kila mstari unakula viroba sita. Jumla 36, weka 45 kwa ajili ya kubana mwanzo na mwisho na kukandamiza nailoni. Mchanga wake wote haufiki meta moja ya ujazo. Mlango wa kawaida wa meta moja unaotaka kuzuiwa sentimeta 20 utahitaji mistari miwili chini na mmoja juu, viroba vinane vinatosha.

Ukipiga hesabu hiyo utaona mwenyewe kwamba kuzuia meta nzima kwa viroba si kazi ya familia moja. Ni mamia ya viroba. Usijaribu, na kuna sababu nyingine kubwa kuliko uchovu. Kuta za nyumba zetu nyingi ni tofali za saruji zisizo na nondo, zimejengwa kubeba bati, si kuzuia ziwa. Maji yakisimama nje hadi sentimeta 60 na ndani kukiwa pakavu, ukuta unasukumwa upande mmoja tu. Yakizidi hapo ni heri kuyaacha yaingie, yasawazishe nguvu za nje na ndani, kuliko kushinda vita ya maji ukaangukiwa na nyumba. Najua ni neno gumu kwa mtu ambaye kabati lake jipya liko sebuleni. Pandisha ulichoweza juu ya meza, toka na watu.

Na kama nyumba yenyewe iko bondeni kabisa, viroba si jibu la swali lako. Desemba 2011 Msimbazi ulipofurika zaidi ya watu 40 walipoteza maisha Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zikapelekwa kuanza upya Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka meta 60 kutoka kingo za mto kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu za binadamu, na aliyewahi kusikia mto ule usiku anaelewa kwa nini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari kubwa, wewe wa bondeni usijaze kiroba. Funga nyaraka, dawa na nguo za watoto kwenye mfuko usiopitisha maji, uende kwa ndugu aliye mlimani mchana kungali kweupe.

Viroba vimeshika, lakini uwanja umejaa kwa ndani

Hii ilinipata mwaka wa tatu, na ilinivunja moyo kuliko zote. Nje maji yamesimama, viroba havijatikisika, nailoni imelala vizuri, na ndani ya uzio kuna bwawa linalopanda kuelekea barazani.

Sababu ya kwanza ni bati. Milimeta moja ya mvua kwenye meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la meta 100 za mraba ikinyeshewa milimeta 50, kiwango ambacho watabiri wetu huanza kukiita mvua kubwa kikinyesha ndani ya saa 24, inamwaga uani lita 5,000. Ni tangi zima kubwa la plastiki, na hapo sijahesabu mvua iliyoanguka kwenye uwanja wenyewe. Ulipoziba geti ulizuia maji ya mtaa yasiingie, na ukayazuia ya kwako yasitoke.

Sababu ya pili ni lile tundu chini ya ukuta wa uzio, lililoachwa na fundi ili uwanja ukauke. Siku za kawaida linatoa maji nje. Barabara ikishapanda juu yako, linayaingiza.

Tiba ya bati ni kuweka mifereji ya paa na kuyapeleka maji kwenye matangi. Hakikisha matangi yana nafasi kabla ya mvua, yatumie kufulia na kuoshea siku ambazo mawingu yanatanda. Yanayozidi yaelekezwe kwa bomba mpaka nje ya uzio, juu ya kimo ambacho maji ya barabarani hufika. Tiba ya tundu ni kuliziba kwa kiroba kilichofungwa ndani ya nailoni kabla ya mvua, na kulifungua maji ya nje yakishashuka. Fundi bomba mzuri anaweza kukuwekea kipande cha bomba chenye kifuniko kinachofunguka kuelekea nje tu. Kikague kila wiki wakati wa masika, maana fuko moja likinasa kwenye kifuniko kazi yote imeisha.

Halafu chimba shimo pembe ya chini kabisa ya uwanja, la kina cha ndoo mbili hivi, zungushia kokoto, na uweke hapo pampu au hata mtu na ndoo. Pampu ya petroli na jenereta vikae nje, mbali na madirisha. Gesi ya sumu iliyo kwenye moshi wake haina harufu ya kukuamsha, na imewahi kumaliza familia zilizofunga jenereta korido ili lisilowe.

Choo kinaguguma, kisha kinarudisha

Sikiliza choo. Kabla maji taka hayajarudi, hutangulia hewa: choo kinaguguma, bafu linapiga mapovu, maji ya bakuli yanapanda na kushuka bila mtu kuyagusa. Ukisikia hivyo mvua ikiwa inanyesha una dakika chache tu. Maana yake shimo la maji taka au mfumo wa mtaa umejaa maji ya mvua, na kimo chake kinakaribia kuipita sakafu yako. Maji hayajali kwamba bomba lilitengenezwa kuyatoa, yanafuata usawa wao.

Kwanza, kila mtu aache kutumia maji. Kuvuta choo na kuoga sasa ni kujimwagia mwenyewe.

Pili, anza na tundu lililo chini kuliko yote. Mara nyingi ni la bafuni, si choo cha kukaa. Watu hulitupia kiroba cha mchanga juu. Kinasaidia kidogo kisha maji yanapita pembeni. Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni kuyapa maji mahali pa kupanda. Tafuta kipande cha bomba la plastiki kinachoingia kwenye tundu hilo kwa kubana, urefu wake kama meta moja, kizungushie mpira wa tairi la baiskeli au kitambaa ili kisivuje, na ukisimamishe wima. Maji yatapanda ndani ya bomba mpaka yalingane na kimo cha nje, yatasimama hapo, na sakafu itabaki kavu. Ukiona yanakaribia kumwagika juu, usiongeze urefu wa bomba: mabomba yaliyo chini ya sakafu yana kikomo cha kusukumwa, yakipasuka utavunja nyumba nzima kuyatafuta.

Choo cha kukaa, ingiza ndani ya bakuli mfuko imara uliojazwa maji na kufungwa, ujibane kwenye koo la choo, kisha juu weka kiroba cha mchanga kilichozungushiwa nailoni. Cha kuchuchumaa ni hivyohivyo, ila kiroba kiwe kizito zaidi na mtu akikague kila mara.

Suluhisho la kudumu ni valvu isiyoruhusu maji kurudi, inayofungwa kwenye bomba kati ya nyumba na chemba ya kwanza. Gharama yake si kubwa ukilinganisha na kubadili magodoro kila mwaka. Iwekwe mahali panapofunguka ili isafishwe. Na mfuniko wa chemba ya uani, kama uko sawa na ardhi, uinuliwe kwa tofali mbili tatu na kusilibwa kwa saruji. La sivyo maji ya mvua yanaingilia hapo, yanajaza shimo, na kukurudia chooni.

Neno kuhusu wale wanaofungulia mashimo ya vyoo wakati wa mvua kubwa ili maji yabebe. Nimeona ikifanyika mtaani kwetu na nimeenda kugonga mlango kwa heshima nikaomba iachwe. Kinyesi hicho kinaingia kwenye visima na majikoni, na kipindupindu hakibagui aliyefungulia na asiyefungulia.

Sakafu inatoa maji yenyewe

Hakuna mlango uliopitiwa, majivu hayana njia, na bado kuna maji masafi yanachuruzika pale ukuta unapokutana na sakafu, au kwenye ufa katikati ya chumba. Ardhi imejaa maji mpaka juu, na nyumba yako imekaa ndani yake kama bakuli ndani ya beseni.

Viroba hapa ni kazi bure, na kuziba ufa kwa saruji wakati maji yanapanda ni mbaya zaidi: nguvu ile inakusanyika chini na kuinua sakafu mahali pengine. Yaache yatoke, yaelekeze kwa kitambaa kilichosokotwa au mfereji mdogo hadi kwenye ndoo au shimo lako la pampu. Baada ya mafuriko nako usikimbilie kukausha kila kitu kwa siku moja, ardhi ya nje bado imeloa na inaendelea kusukuma. Toa kidogo, weka alama ya penseli ukutani, subiri kuona kama yanapanda tena.

Kwa sababu hiyohiyo, usiite gari la kunyonya maji taka shimo likiwa limezungukwa na maji. Shimo tupu au tangi tupu la chini ya ardhi husukumwa juu na maji yanayolizunguka, hupasuka, na kuna yanayochomoka kabisa. Tangi la maji safi la chini liache likiwa limejaa, mfuniko wake uzungushie nailoni na viroba, na baada ya mafuriko usinywe maji yake mpaka limemwagwa, kusuguliwa na kutiwa dawa ya klorini.

Kazi ya kiangazi ni kuchimba mtaro wa kokoto kuzunguka msingi upande wa juu, wenye bomba lenye matundu chini yake linalopeleka maji mbali. Kama unajenga upya, inua msingi. Fundi wetu mzee alinishauri hivyo tangu mwanzo: "Mwanangu, ongeza kozi tatu, barabara haijamaliza kukua." Nilihesabu tofali, nikaona ghali.

Jirani amekuja kugonga geti

Anasema, "Baba Neema, umenielekezea maji yote." Na mara nyingi anasema kweli. Maji uliyoyazuia hayakutoweka, yamehamia kwa aliye chini yako. Mtaa wetu tulipofika hapo, mwenyekiti wa serikali ya mtaa alituita watu wa nyumba kumi na moja tukae. Tulitoka na jambo rahisi: Jumamosi ya kwanza kabla ya masika kila nyumba inatoa mtu mmoja na beleshi, tunazibua mtaro kuanzia kalavati hadi kwetu, na tope linatolewa kabisa kwa guta, halirundikwi ukingoni likasubiri mvua liingie tena. Mwaka huo nilitumia nusu ya viroba vyangu. Panga mstari mmoja wa viroba unaopita mbele ya nyumba kadhaa na kuelekeza maji mtaroni, ni bora kuliko kila mtu kujenga ngome yake getini.

Viroba vya mwaka jana vinamomonyoka mkononi

Jua ndilo adui. Viroba vya plastiki iliyofumwa vikiachwa nje miezi michache vinakuwa dhaifu, ukivinyanyua kitako kinabaki chini. Hifadhi mifuko mitupu ndani, mchanga uutunze kwenye rundo lililofunikwa turubai, na ujaze utabiri ukishatolewa. Kama huna nguvu kazi ya kujaza haraka, jaza mapema lakini weka kivulini.

Vile vilivyolowa maji ya mafuriko ni habari nyingine. Mchanga ule umekunywa maji ya vyoo. Usiumwage uani watoto wakauchezea, usiupigie plasta, wala usiufanye mboji ya mchicha. Vaa glavu na buti ukivibeba, vianike juani mbali na kisima, kisha mchanga utumie kufukia mashimo ya njia au upelekwe dampo pamoja na mifuko yake. Kidonda chochote mguuni kioshe kwa sabuni siku hiyohiyo. Ukipata homa, macho mekundu au misuli kuuma ndani ya wiki mbili tatu, nenda zahanati na umwambie mganga kwamba ulisimama kwenye maji ya mafuriko. Asipojua hilo anaweza kukutibu malaria peke yake.